Nizwa, Bahla na Jabrin kwa siku moja: ziara nzuri iliyopangwa kichwa chini miguu juu

Ukiulizia ziara ya siku moja kutoka Maskati kwenda bara ya Oman, karibu kila kampuni itakupa ratiba ileile: kuchukuliwa hotelini saa mbili asubuhi, soko na ngome ya Nizwa, chakula cha mchana, kusimama Bahla kupiga picha, kumalizia Jabrin, kisha kurudi. Ni kama kilomita 430 kwenda na kurudi, lami mwanzo mwisho, na safu ya milima ya Hajar inavukwa kwa njia nyepesi kuliko zote. Vituo vyenyewe havina mpinzani Ghuba nzima. Kinachoharibu ni mpangilio, na kwa mtu anayelipa gari la siku nzima hilo si jambo dogo.

Sababu ni saa za kufunga. Siku za kawaida ngome za Bahla na Jabrin hufunga saa kumi alasiri, ilhali ya Nizwa huendelea hadi jioni. Kampuni zinaanza na inayochelewa kufunga, zinamalizia na inayowahi. Chakula cha mchana kikirefuka kwa nusu saa tu, na kinarefuka kila mara, unaingia Jabrin saa tisa na robo na mlinzi ameshaanza kutazama saa yake. Na Jabrin ndiyo bora kuliko zote tatu.

Geuza. Kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi, toka Maskati saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ipite Nizwa bila kusimama, fika Jabrin kama saa tatu kasorobo. Hapo kaa hadi saa nne na nusu. Bahla iko karibu, robo saa kwa gari, malizana nayo kabla jua halijafika utosini. Rudi Nizwa ule. Saa za joto zipeleke penye kiyoyozi au kivuli cha mitende, kisha panda mnara wa Nizwa saa kumi, jua likiwa limepungua makali na soko likifungua tena baada ya mapumziko ya mchana. Ukiondoka saa kumi na mbili, saa mbili usiku uko Maskati.

Mwambie muuzaji hivyo kabla hujalipa, na akuandikie. Kwa gari la peke yenu hana sababu ya kukataa, maana kilomita ni zilezile na mafuta ni yaleyale. Akikujibu kwamba dereva amezoea njia yake, tafuta mwingine. Ziara ya kuchanganywa na wageni wengine haigeuziki, na ina ugonjwa wake mwingine: basi dogo linazunguka hoteli tatu au nne kuokota watu, na saa nzima inateketea kabla hamjautoka mji.

Sasa milima. Anayetarajia kona za Lushoto au mteremko wa Kitonga atashangaa. Barabara kuu namba 15 inapita katika bonde la Sumail, ufa wa asili unaoitenga Hajar ya Magharibi na Hajar ya Mashariki, na njia hii ndiyo iliyokuwa ya misafara baina ya pwani na bara kabla hapajawa na lami. Miamba ya pande zote mbili ni ya rangi ya chokoleti iliyoungua, haina hata jani. Hiyo ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa ikapanda juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita, na wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Ukishapita Izki mandhari hubadilika: kuliani unasimama ukuta wa Jabal Akhdar, wa chokaa, wa kijivu. Kwa hiyo wakati wa kwenda kaa upande wa kulia wa gari, wakati wa kurudi upande wa kushoto. Ni jambo dogo ambalo dereva hatakwambia.

Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 120 kwa saa na kamera ni nyingi. Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 165, chini ya saa mbili kwa mwendo wa kistaarabu. Dereva anayejisifu kwamba anafika kwa saa moja na robo anakuahidi faini yake na roho yako. Penye vivuko vya mabonde utaona nguzo zenye mistari myekundu na myeupe. Hizo ni vipimo vya kina cha maji. Mvua ikinyesha huko juu milimani, bonde lililokuwa kavu asubuhi linashusha mafuriko mchana huku mbingu ya kichwani pako ikiwa safi. Siku za tahadhari ya mvua ziara hii huahirishwa, haibishaniwi.

Jabrin imesimama kwenye uwanda mtupu, mitende kidogo pembeni, na kwa mbali inaonekana kama sanduku kubwa la rangi ya mchanga. Kwa nje haisemi kitu. Aliyeijenga ni Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, Imamu, yaani mtawala wa Oman, miaka ya 1670, na aliijenga iwe makazi na mahali pa elimu zaidi ya kuwa boma la vita. Ndiyo maana vyumba vya darasa viko juu kabisa, penye upepo. Vyumba vyote kwa jumla ni zaidi ya hamsini, vimepangwa kwa ngazi zinazogawanyika gizani, na mtu asiye na mwongozaji huzunguka akajikuta mara tatu kwenye ua uleule. Kuna kifaa cha sauti cha kukodi mlangoni, kinasaidia, lakini hakijibu maswali.

Usiyaharakishe haya. Kwanza ghala la tende, chini. Sakafu yake ni ya matuta kama bati la kuezekea, na katikati ya matuta kuna mifereji myembamba. Magunia ya tende yalipangwa juu yake hadi karibu na dari. Uzito wa ya juu ukaikamua ya chini, asali ya tende ikachuruzika kwenye mfereji hadi kwenye mtungi uliozikwa ukutani. Asali hiyo ililiwa, na siku ya shari ilichemshwa ikamwagwa kwenye vichwa vya watu, kama utakavyoona Nizwa. Inama uguse matuta yale: yamelainika kama jiwe la kusagia.

Pili, chumba cha Jua na Mwezi. Madirisha ni kumi na manne, saba chini na saba juu. Ya chini huingiza hewa ya baridi, ya juu hutoa ya moto. Simama baina ya safu hizo mbili hata saa tano ya mchana utauhisi mvuto wake shingoni. Kisha tazama juu. Dari imechorwa maua na nakshi za rangi nyekundu, nyeusi na ya dhahabu iliyofifia, boriti kwa boriti. Lala chali sakafuni kama mlinzi yuko mbali; shingo haiwezi kuvumilia dakika kumi za kuinuka. Ngazi nazo zina matao ya chokaa iliyonakshiwa kwa maandishi, ambayo wageni wengi huyapita wakitazama miguu yao. Wana haki, ngazi hazilingani urefu.

Tatu, chumba ambamo Imamu alipokea watu asiowaamini. Chini ya sakafu kuna nafasi walimojificha askari, tayari kuchomoka. Waongozaji wote wanakipenda chumba hiki na wote wanakieleza kwa mbwembwe. Wavumilie. Karibu na chumba cha kulala, ghorofani, kuna chumba cha farasi wake. Ndiyo, farasi alipandishwa ngazi.

Nne, kaburi. Liko chini, karibu na mahali falaji, yaani mfereji wa maji, inapopita ndani ya jengo lenyewe. Ni la Bil'arab. Hapa ndipo ziara inapopaswa kumgusa msomaji wa Kiswahili, na hapa ndipo waongozaji wengi hunyamaza, kwa sababu wamezoea kuwaeleza Wajerumani na Wafaransa. Ukweli ni kwamba Jabrin na Nizwa unatembelea nyumba za familia moja. Baba, Imamu Sultan bin Saif, ndiye aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650 na ndiye aliyejenga mnara mkubwa wa Nizwa. Mwanawe Bil'arab alimrithi, akajenga Jabrin. Mwana wa pili, Saif bin Sultan, aligombana na kaka yake, akamzingira humuhumu Jabrin, na Bil'arab akafia ndani mwanzoni mwa miaka ya 1690. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Aliyewahi kupanda ngome ile ya Mombasa, au kupita Ngome Kongwe ya Unguja waliyoijenga Waomani baada ya hapo, anaona Jabrin upande wa pili wa hadithi anayoijua. Muulize mwongozaji wako kuhusu Saif na Mombasa mkiwa bado garini. Jibu lake litakwambia kama umepewa mwongozaji au umepewa dereva mwenye kanzu safi.

Na hilo ni swali la pesa. Oman mwongozaji wa watalii anatakiwa kuwa na leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii, na huivaa. Ziara nyingi za bei ya chini zinakuja na dereva peke yake: anakufikisha mlangoni, anakwambia "nakusubiri hapa," na wewe unaingia na kijikaratasi. Si dhambi, mradi bei iwe ya dereva. Uliza maswali manne: je, anayeniendesha ana leseni ya kuongoza, anaingia nami ndani ya ngome zote tatu, tiketi ziko ndani ya bei, chakula kiko ndani ya bei? Tiketi ya Nizwa kwa mgeni ni riyali 5, na watu wanne ni riyali 20, kwa hiyo "bei nafuu" isiyo na tiketi inaweza isiwe nafuu tena. Bei ya gari la peke yenu hutajwa kwa gari zima na si kwa kichwa. Mkiwa wanne mnagawana, ukiwa peke yako inauma. Kwa kukupa kipimo: petroli ni karibu baisa 230 kwa lita, na riyali moja ina baisa 1,000. Gari linalokunywa lita kumi kwa kilomita mia litamaliza mzunguko wote kwa riyali 10 hivi za mafuta. Kinachobaki katika bei ni gari, mtu na faida. Kama mtu hafanyi kazi yake, unalipia taksi ghali.

Omba mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Si ombi la ajabu. Waomani waliozaliwa au kulelewa Unguja, Pemba, Tanganyika, Kenya, hata Burundi na Kongo, wako wengi, na watoto wao pia, na wengine wako katika kazi hii. Kampuni haziwatangazi kwa sababu wateja wengi ni wa Ulaya, lakini ukiuliza siku mbili tatu kabla huweza kupatikana. Tofauti ni kubwa. Mtu anayejua kwamba mishkaki ya Nizwa na ya Forodhani ni ndugu, na kwamba kofia za kudarizi za Omani na za Unguja zinatazamana, hakusomei tarehe.

Bahla. Kwenye orodha ya Urithi wa Dunia iliingia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini, ikatolewa humo mwaka 2004, na ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2012 baada ya ukarabati mrefu. Ni kubwa kupita kiasi. Waliokaa humo ni Banu Nabhan, watawala wa bara tangu karne ya 12 hadi mwisho wa ya 15, na ukuta wa mji wa zamani unazunguka kama kilomita kumi na mbili. Yote ni matofali ya udongo mbichi juu ya msingi wa mawe, na ndiyo sababu ilikuwa hatarini: udongo huo mvua moja kubwa huulainisha, na jua la siku inayofuata huupasua, kwa hiyo lipu haina budi kurudiwa kila mara.

Ndani, lakini, hakuna kitu. Vyumba vitupu, vibao vichache, kivuli kidogo. Dakika arobaini zinatosha kwa mtu wa kawaida. Mwenye kupenda usanifu atataka saa mbili na atastahili kuzipata. Muda ukibana, hii ndiyo ya kukata: itazame kutoka kwenye kilima cha ng'ambo ya barabara, ambako inaonekana nzima, kisha endelea. Tukio la kukosa ndani ya Bahla linavumilika. La kukosa dari ya Jabrin halivumiliki.

Bahla ina sifa mbili nyingine. Ya kwanza ni uganga: Omani nzima inajua kwamba mji huu ni wa majini, kama watu wa Unguja wanavyoisema Pemba. Waongozaji hulieleza kwa kicheko, na hawapendi kulieleza usiku. Ya pili ni ufinyanzi. Vyetezo, mitungi ya maji ya kutundikwa na mitungi mikubwa ya kuhifadhia hutengenezwa hapa kwa udongo wa bondeni. Chetezo kidogo ni zawadi nzuri na hakivunjiki ukikifunga ndani ya nguo. Ila angalia chini yake: chenye ukungu wa udongo laini na alama ya vidole kimetoka Bahla, kile cheupe chenye dhahabu ya kung'aa kimetoka kiwandani kwingine na kimepita tu dukani. Kama gari linasimama kwenye duka ambalo hukuliomba na dereva anaingia kwanza kusalimiana, tayari unajua kinachoendelea. Dakika tano, asante, twende.

Mchana Nizwa, kula sakafuni kwenye mkeka na sinia, wali na nyama, na usiogope kuagiza sinia moja kwa wawili. Baada ya hapo mji unalala hadi saa kumi. Pengo hili ndilo linalowaogopesha wapanga ratiba, lakini linajazika vizuri. Makumbusho ya Oman Kupitia Zama, yaliyofunguliwa mwaka 2023 katika wilaya jirani ya Manah, yana kiyoyozi na yanatosha kula saa mbili bila kuchosha. Mwenye watoto aende Falaj Daris, falaji kubwa kuliko zote nchini na mojawapo ya tano zilizo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Maji yanapita wazi, watoto wanatia miguu. Birkat al Mawz nayo iko njiani, kijiji cha zamani cha udongo kinachobomoka juu ya mashamba ya migomba na mitende. Usikubali kuongezewa Jabal Akhdar au Jabal Shams "kwa nyongeza kidogo tu." Ya kwanza ina kizuizi cha polisi kinachorudisha gari lisilo la 4x4, ya pili ni mlima wa mita elfu tatu. Kila moja ni siku yake.

Ngome ya Nizwa inayopigwa picha ni mnara wa mviringo, mnene kama tangi la mafuta. Unene huo una maana. Sehemu ya chini imejazwa udongo na mawe, si vyumba, ili mizinga ya juu ikifyatuka mtikisiko uzame kwenye ujazo badala ya kupasua kuta, na risasi za adui zikipiga zisipate pa kutoboa. Juu kuna matundu ishirini na manne ya mizinga, pande zote. Ujenzi ulichukua miaka kumi na miwili, katikati ya karne ya 17.

Njia ya kupanda ndiyo mtego wenyewe. Ngazi ni moja, nyembamba, inapinda, na kila penye mpindo palikuwa na mlango. Mbele ya mlango kuna shimo refu lililofunikwa kwa ubao. Ubao ukiondolewa, anayekimbia gizani anatumbukia. Juu ya mlango kuna tundu. Asali ya tende iliyochemka ilipitia hapo. Kwa nini asali, si maji? Kwa sababu maji hutiririka na kupoa, asali inanata na kuendelea kuunguza. Inua uso utazame tundu lile ukiwa umesimama chini yake, halafu kumbuka matuta ya sakafu ya Jabrin. Ndiyo faida nyingine ya kuanza na Jabrin.

Vaa viatu vya kufunga. Kandambili kwenye ngazi hizi ni kujitafutia, na milango ni mifupi, paji la uso la mtu mrefu litalipa. Mavazi yafunike mabega na magoti. Kwa watu wa pwani hili si somo.

Sokoni, nunua halua na tende, tazama tu majambia. Halua ya Nizwa ni wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, marashi ya mawaridi na lozi au korosho, ikikorogwa saa nyingi kwenye sufuria la shaba. Wauzaji wanaonjesha kwa ukarimu, pamoja na kahawa chungu, na mtu wa Unguja ataisema vibaya au vizuri mara moja. Inakaa wiki nyingi bila friji, kwa hiyo usidanganywe kununua boksi la barafu. Tende za Khalas ni za kula na kahawa, Fardh ni nyeusi na zinastahimili safari. Jambia la fedha halisi ni la bei ya kuuza mbuzi kadhaa. La bei ya mbuzi mmoja ni la watalii, na vyovyote vile huenda kwenye sanduku la kupakiwa, si mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege.

Ijumaa ni hesabu tofauti kabisa, na kampuni nyingi huiuza kana kwamba ni siku kama nyingine. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo Nizwa. Wauzaji wanazungusha mbuzi na ng'ombe kwenye duara, wanunuzi wamepanga mstari ndani na nje, anayetaka anamvuta mnyama, anampapasa mgongo, anamfunua meno, bei inatajwa kwa sauti, kamba inabadilisha mkono. Unaanza jua likichomoza na ukifika saa tatu umekwisha. Kuuwahi inabidi utoke Maskati saa kumi na moja alfajiri. Lakini siku hiyohiyo ngome hufunga kwa ajili ya sala, na Bahla na Jabrin kwa kawaida hufungwa saa tano asubuhi na hazifunguliwi tena. Mnada na ngome zote tatu kwa Ijumaa moja haviwezekani. Atakayekuahidi vyote atakuonyesha mlango wa Jabrin uliofungwa na kukuambia pole. Ijumaa chagua mnada, ngome ya Nizwa na kijiji kimoja.

Msimu ni Novemba hadi Machi. Juni na Julai Nizwa hupita nyuzi 40 na kutembea juu ya Bahla mchana ni adhabu. Gari halijali joto, moyo wako unalijali. Chupa ya lita moja na nusu kwa mtu ni ya chini kabisa, na kampuni yenye haya hubeba boksi la maji bila kuulizwa.

Lipo toleo la ghali zaidi la safari hii ambalo kweli linavuka milima badala ya kupita katikati yake: linaanzia Nakhal na Rustaq upande wa pwani, linapanda bonde la Wadi Bani Awf hadi kijiji cha Bilad Sayt, linafika Sharfat al Alamayn kwenye mita kama 2,000, kisha linashuka kwa lami Al Hamra na Nizwa. Hapo Jabrin haiingii wala Bahla, ila Rustaq ndiko alikozikwa Saif bin Sultan, yule wa Mombasa, kwa hiyo familia inakamilika. Ulizia kwanza kama ngome ya Rustaq iko wazi, maana hukarabatiwa mara kwa mara. Gari liwe la 4x4 la kweli na dereva awe wa njia hiyo. Na mwelekeo uwe huohuo, kutoka pwani kwenda bara, ili kipande kibovu cha changarawe mkipande. Anayekishuka kwa kukanyaga breki tupu bila gia nzito huzisikia zikianza kunuka kabla ya Bilad Sayt.